Raundi nane tu: hesabu ya kupanga kikosi cha fantasi na kufanya usajili pale msimu unapokuwa mfupi

Leo tunafunga maabara mapema, twende kijiweni.

Kama umewahi kutoka Korogwe kwenda Handeni unaijua ile barabara ya kilomita 65. Kwa vijana wa bodaboda na mafundi ninaowafahamu pande zote mbili, barabara hiyo ni mpaka wa utani. Kila Ligi Kuu inapokaribia mwisho wanaanzisha fantasi yao ya raundi nane. Hakuna programu wala kampuni. Kuna daftari moja la kurasa 96, kundi la WhatsApp, na mzee mmoja muuza magazeti anayeaminiwa na wote kama mwamuzi wa pointi. Upande unaoshindwa unasafiri na kuwalisha wenzao pilau.

Mwaka jana Korogwe walinipa mimi kazi ya kupanga kikosi. Sababu yao ilikuwa moja tu: nasoma shahada ya pili, na kwenye kozi yangu kuna takwimu. "Profesa, hesabu si ndiyo kazi yako?" Nikavimba kichwa. Tulifungwa kwa pointi 5. Nilipokaa baadaye na daftari nikakuta kwamba makato ya usajili wangu wa kulipia yalikuwa pointi 16. Yaani Handeni hawakutufunga. Nilitufunga mimi.

Makala hii ni hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya raundi ya kwanza. Haihitaji kompyuta. Inahitaji kalamu, ratiba ya ligi na uvumilivu kidogo, na mwisho wake utaona kwamba inagusa jambo zito kuliko sahani ya pilau.

Kwanza, kanuni za mchezo

Fantasi, kwa asiyeijua, ni mchezo ambao wewe unakuwa kocha na mkurugenzi wa usajili kwa wakati mmoja. Unachagua wachezaji halisi, na wanachokifanya uwanjani kinageuka pointi zako. Kanuni za daftari letu zimekopwa kwa kiasi kikubwa kutoka fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na ni hizi:

- Kikosi ni wachezaji 14: 11 wa kuanza na 3 wa akiba. Bajeti ni milioni 80 za kwenye karatasi. Klabu moja isizidi wachezaji watatu.
- Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya goli ni 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikuruhusu goli anapata 4.
- Pointi za nahodha zinazidishwa mara mbili.
- Kila raundi una usajili mmoja wa bure. Usipoutumia unabebwa hadi raundi inayofuata, lakini huwezi kuwa na zaidi ya miwili. Ukitaka wa ziada unakatwa pointi 4.
- Kuna kadi moja ya kufumua kikosi kizima bure, mara moja tu.

Angalia sasa ukubwa wa tatizo. Ligi yetu ina timu 16. Tuseme kila timu ina wachezaji 25 wa kuchagua. Hao ni 400. Njia za kuchagua watu 14 kati ya 400, kabla hata hujaangalia nafasi na bei, ni namba yenye tarakimu 26. Hakuna anayeweza kujaribu zote, kwa hiyo tunahitaji akili ya kupunguza.

Gunia lina mdomo mmoja

Wanahisabati wana fumbo la zamani wanaloliita tatizo la mkoba. Una gunia linalobeba uzito fulani, mbele yako kuna vitu vyenye uzito na thamani tofauti. Uchukue vipi ili thamani iwe kubwa bila gunia kupasuka? Mama anayefungasha mzigo wa kupeleka sokoni Manundu analitatua kila wiki bila kuliita jina.

Wengi tunalitatua kwa kugawanya: pointi kwa kila milioni. Tuchukue beki wa milioni 5 anayetarajiwa pointi 4 kwa mechi. Hiyo ni 0.8 kwa milioni. Halafu kuna nyota wa milioni 9 anayetarajiwa pointi 6, ambayo ni 0.67 kwa milioni. Ukifuata mgawanyo huo peke yake utamwacha nyota kila mara.

Lakini gunia letu lina mipaka miwili: fedha na nafasi. Nafasi za uwanjani ni 11 tu. Jaza wote 11 kwa watu wa milioni 5 na akiba watatu wa milioni 4. Umetumia 55 jumlisha 12, yaani 67. Zimebaki milioni 13 zimelala, na fedha iliyolala haifungi goli. Ukibadilisha watatu kati ya wale 11 kuwa nyota wa milioni 9, unaongeza gharama ya 12 tu. Pointi zinapanda kutoka 44 hadi 50. Weka na nahodha: mwanzo angekuongezea 4, sasa anakuongezea 6. Jumla ni 48 dhidi ya 56. Tofauti ya pointi 8 kwa raundi, mara raundi nane, ni pointi 64. Sisi tulifungwa kwa 5.

Somo la kwanza, basi: bei nafuu ni za kujenga msingi, kisha kila shilingi iliyobaki ipandishe hadhi ya nafasi chache, hasa ile ya nahodha.

Matarajio siyo ahadi

Nimekuwa nikisema "anatarajiwa pointi 4". Namba hiyo inatoka wapi?

Tumchukue Stephane Aziz Ki, aliyekuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Bara msimu wa 2023/24 akiwa Yanga, kwa magoli 21. Tukigawanya kwa raundi 30 tunapata goli 0.7 kwa raundi. Kiungo anapata pointi 5 kwa goli, kwa hiyo 0.7 mara 5 ni 3.5. Ongeza 2 za kucheza: 5.5, kabla ya pasi za magoli. Mshambuliaji mwenye magoli yale yale angepata 0.7 mara 4, jumlisha 2, ambayo ni 4.8. Umeona? Magoli ni sawa, ila nafasi iliyoandikwa kwenye daftari imeleta tofauti.

Sasa swali la mtego. Mfungaji bora wa namna hiyo, ni mechi ngapi utamnunua na asifunge kabisa? Hapa anakuja Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyechapisha mwaka 1837 hesabu ya matukio yanayotokea kwa nadra na bila mpangilio. Mwaka 1898 Ladislaus Bortkiewicz aliitumia kuhesabu askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi, na ikakubaliana vizuri na kumbukumbu za jeshi. Magoli nayo hufuata tabia hiyo kwa kiasi kizuri. Kwa wastani wa 0.7, uwezekano wa kutofunga kabisa ni takriban asilimia 50. Yaani hata mfungaji bora wa nchi, nusu ya mechi anaondoka mikono mitupu.

Hivyo mchezaji wako akikaa raundi mbili bila goli, usimfukuze kwa hasira. Raundi mbili kavu zinatokea kwa bahati tu mara moja katika kila nne.

Kinyume chake ni kosa langu la pili mwaka jana. Kuna mshambuliaji alifunga magoli 4 katika mechi tatu. Nikakimbilia. Sikuangalia kwamba katika mechi 22 za msimu alikuwa na magoli 9, hayo manne yakiwemo. Wastani wa mechi tatu ni 1.33, wa msimu mzima ni 0.41. Ukweli wake uko katikati, ila karibu zaidi na 0.41. Francis Galton aliandika jambo hili mwaka 1886 akilinganisha urefu wa wazazi na watoto: waliozidi sana hurudi kuelekea wastani. Kijiweni tunasema "amepoa". Kumbe hajapoa, amerudi nyumbani kwake.

Kwa mabeki hesabu ni ile ile. Kama mpinzani anatarajiwa kufunga goli 0.8, uwezekano wa kutoruhusu goli ni kama asilimia 45. Pointi 4 mara 0.45 ni 1.8, ongeza 2 za kucheza, unapata 3.8. Mpinzani mkali wa magoli 2.0 anapunguza uwezekano huo hadi asilimia 13 au 14, na beki wako anabaki na pointi 2.5 hivi.

Ratiba na viporo

Hapa ndipo ligi yetu inapotofautiana na za Ulaya tunazozitazama kwenye vibanda. Simba na Yanga wakifika mbali kwenye mashindano ya CAF, mechi zao za ligi zinasogezwa. Zinakuwa viporo. Mwishoni mwa msimu viporo vinapashwa moto kwa mpigo, na timu moja inaweza kucheza mara mbili ndani ya raundi moja ya daftari letu.

Mfano mkubwa tunao. Dabi ya Kariakoo iliyopangwa kuchezwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa. Ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda 2-0. Katikati hapo Simba walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Aliyekuwa amepanga nahodha wake kwa ajili ya Machi 8 alibaki na nahodha asiye na mechi.

Viporo vina thamani gani? Rudi kwa yule beki. Mechi moja rahisi ilimpa 3.8. Beki mwingine ana mechi mbili ngumu, kila moja 2.5. Jumla ni 5.0. Mechi mbili ngumu zinaishinda moja rahisi, ilimradi acheze zote. Kocha mwenye mechi siku tatu tatu anapumzisha watu, kwa hiyo tuseme uwezekano wa kuanza mechi ya pili ni asilimia 60. Inakuwa 2.5 jumlisha 1.5, yaani 4.0. Bado yuko mbele, ila kwa uzi mwembamba. Asilimia hiyo ikishuka chini ya 50 na kidogo, mwenye mechi moja rahisi anashinda.

Kabla ya kuchagua jina lolote, basi, chora jedwali la timu 16 kwa raundi nane. Andika 0, 1 au 2 kwenye kila chumba. Nusu ya kazi imekwisha.

Pointi nne za usajili ni tozo, na tozo inalipwa na muda

Sasa tufike kwenye kidonda changu. Nilikuwa na kiungo wa matarajio ya pointi 4.0, nikamwona mwingine wa 5.2. Tofauti ni 1.2 kwa raundi. Usajili wa bure nilishautumia. Je, nilipie pointi 4?

Watu wengi wakijitahidi wanafanya hesabu hii: 4 gawanya kwa 1.2 ni 3.3, kwa hiyo zinahitajika raundi nne kurudisha gharama. Raundi ya pili, zikiwa zimebaki saba, faida ni 8.4 toa 4, sawa na 4.4. Raundi ya sita, zikiwa zimebaki tatu, ni 3.6 toa 4, hasara ya 0.4. Hili peke yake linaonyesha kwa nini msimu mfupi unabadilisha mambo. Usajili uleule ambao kwenye msimu wa raundi 38 ni wa busara, kwenye raundi tatu ni wizi dhidi yako mwenyewe.

Ila hesabu hiyo bado ina shimo, na mimi nilitumbukia humo. Inalinganisha kusajili leo na kutosajili kabisa. Mbadala halisi siyo huo. Mbadala ni kusubiri raundi moja, upate usajili wa bure, umchukue mtu yule yule. Ukisubiri unapoteza nini? Tofauti ya raundi moja: pointi 1.2. Ukilipia leo unapoteza 4. Nani atoe 4 ili aokoe 1.2?

Utasema: "Lakini raundi ijayo usajili wa bure nina kazi nayo nyingine." Hoja nzuri. Hapo fikiria foleni. Usajili wako wa bure unasimama mstari kama pikipiki kwenye kituo cha mafuta, wenye faida kubwa mbele. Ukilipia pointi 4 unaingiza pikipiki moja zaidi. Unachokipata ni faida ya yule wa mwisho aliyekuwa akose nafasi, pamoja na wengine kuwahi kidogo. Mara nyingi yule wa mwisho ni mdogo sana, ndiyo maana alikuwa wa mwisho.

Lini basi ulipe? Kwa kawaida pale tofauti ya raundi hii peke yake inapozidi 4. Mfano, mchezaji wako hana mechi na akiba hawana mechi: unapata 0. Mbadala ana viporo viwili vya pointi 4.5 kila kimoja, jumla 9. Lipa hata mara mbili. Lakini kama aliyeumia ana mtu wa akiba wa pointi 2.5, na mbadala ana mechi moja ya 4.5, unapata 2 kwa kulipa 4. Acha. Usajili wangu wote minne wa kulipia ulikuwa wa aina hii ya pili.

Panga kutoka mwisho kuja mwanzo

Mwanahisabati Mmarekani Richard Bellman, kwenye miaka ya 1950, alitengeneza mbinu ya kutatua maamuzi yanayofuatana: anza na hatua ya mwisho, ijue, kisha rudi nyuma moja moja. Ni kama safari. Ukitaka kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi, huanzi kuhesabu ukiwa kitandani. Unaanza stendi na kurudi nyuma: njia, chai, kuoga, kuamka.

Raundi ya 8: usajili usiotumika unakufa. Kwa hiyo wowote wenye faida hata ya nusu pointi, tumia.

Raundi ya 7 na ya 6: swali ni kama kutunza kunakulipa. Tuseme leo, raundi ya 6, unaweza kubadilisha kiungo kwa faida ya 1.0 kila raundi. Pia kuna mpango mkubwa: kumshusha kiungo wa milioni 7 hadi wa 4.5, ili fedha hiyo impandishe mshambuliaji wa 6.5 hadi wa 9 mwenye viporo. Hatua hizo hazina maana moja moja. Zikienda pamoja zinaleta pointi 3 kila raundi.

Njia ya kwanza, unasajili kila raundi kidogo kidogo: raundi ya 6 unapata 1.0 kwa raundi tatu, yaani 3. Raundi ya 7 unapata mwingine wa 0.8 kwa raundi mbili, 1.6. Raundi ya 8 wa 0.5. Jumla 5.1. Njia ya pili, raundi ya 6 unatulia. Raundi ya 7 una miwili, unafanya mpango mkubwa: 3 mara raundi mbili, 6. Raundi ya 8 unambadilisha yule kiungo kwa 1.0. Jumla 7. Kutulia kumeshinda. Na ungeanza kuhesabu kutoka raundi ya 6 kwenda mbele kwa tamaa ya leo, usingeiona njia hii.

Na ile kadi ya kufumua? Kikosi huchakaa: majeruhi, kadi, wachezaji kupumzishwa. Tuseme kila raundi inayopita kikosi chako kinapungua pointi 1 kulinganisha na kile ambacho ungekipanga upya. Ukifumua baada ya raundi 2, unarudisha pointi 2 kwa raundi 6 zilizobaki: 12. Baada ya raundi 4: 4 mara 4, ni 16. Baada ya raundi 6: 6 mara 2, ni 12. Baada ya 7: pointi 7 tu. Kilele kiko katikati. Viporo vikijazana raundi ya 6, sogeza kadi huko. Vinginevyo raundi ya 5 ndiyo wakati wake. Mimi niliitunza hadi raundi ya 8, kama mtu anayehifadhi mwavuli usilowe.

Bahati ina sauti kubwa msimu ukiwa mfupi

Sasa tuulizane ukweli. Nikifuata haya yote, nitashinda?

Tuseme hesabu zako zinakupa wastani wa pointi 3 zaidi ya mpinzani kila raundi. Huo ni ubora mkubwa. Lakini tofauti yenu hupanda na kushuka kila wiki kwa sababu ya bahati: penalti iliyogonga mwamba, kadi nyekundu, mvua. Kipimo cha kupanda na kushuka huko kiwe pointi 18 kwa raundi.

Siri iko hapa: ubora unakua kwa idadi ya raundi, bahati inakua kwa kipeuo cha pili tu cha idadi hiyo. Katika raundi moja, ubora ni 3 dhidi ya bahati ya 18, na unashinda asilimia 57. Katika raundi 8 ubora ni 24, bahati ni 51, unashinda asilimia 68. Katika raundi 30 ubora ni 90, bahati ni 99, unashinda asilimia 82.

Kwa maneno mengine, kwenye daftari letu la raundi nane aliye bora zaidi anafungwa karibu mara moja katika kila tatu. Usimdharau aliyeshindwa, na aliyeshinda asijiite kocha mapema.

Kuna mbinu inayotoka hapa. Ukiwa unaongoza na raundi zinaisha, punguza bahati: chukua wachezaji wale wale alionao mpinzani, nahodha yule yule. Wakifunga mnapata wote, pengo linabaki. Ukiwa nyuma fanya kinyume. Chagua nahodha ambaye yeye hana, hata kama matarajio yake ni madogo kwa nusu pointi, kwa sababu kufanana naye ni kukubali kufungwa. Handeni walifanya hivyo raundi ya 7. Mimi nilidhani wamechanganyikiwa.

Na mapenzi je? Msimu wa 2015/16 mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Zote tatu zilishuka daraja msimu ule ule. Aliyejaza kikosi chake watu wa nyumbani kwa mapenzi tu, bila shaka alilia mara mbili. Coastal ilirudi, nasi tunaipenda. Ukimweka beki wake, mweke kwa sababu jedwali lako limemkubali.

Jambo lililonifanya niandike

Baada ya pilau, dereva mmoja kijana wa bodaboda alinivuta pembeni. "Profesa, hizi hesabu zako nikizipeleka kwenye mkeka, si natoboa?" Mfukoni alikuwa na hesabu ya bosi ya siku hiyo, ile anayopaswa kuipeleka jioni kwa mwenye pikipiki.

Nikamwomba kalamu. Tuchukue kamari iliyo sawa kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu. Haki ingekuwa odi 2.00. Kampuni inakupa, tuseme, 1.90. Kwa kila shilingi 1,000, nusu ya mara unapata 1,900, nusu unapata 0. Wastani ni 950. Umepoteza 50 kabla mpira haujaanza. Sasa mkeka ni kuunganisha mechi. Mechi nane za namna hiyo: 0.95 ikizidishwa yenyewe mara nane ni 0.66. Kwa kila 1,000, wastani unaorudi ni 660. Na uwezekano wa mkeka huo kutochanika ni nusu iliyozidishwa mara nane, yaani mmoja katika 256.

Kwenye fantasi ya daftari, pointi zangu zinashindana na za rafiki yangu, hakuna anayechukua asilimia katikati. Ubora wako wa pointi 3, ukiupa muda, unaonekana. Kwenye mkeka unashindana na bei iliyopangwa na watu wenye kompyuta na takwimu kuliko mimi, halafu bado wanakukata. Huko muda siyo rafiki. Kadiri unavyorudia, ndivyo ile 50 inavyojikusanya.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hesabu zinasema nipeleke hesabu." Akawasha pikipiki.

Sijui aliendelea vipi siku zilizofuata. Najua kwamba siku ile alikwenda upande wa bosi wake.

Ukibaki na machache, baki na haya

1. Chora ratiba ya raundi zote kabla ya kuchagua jina. Tafuta viporo.
2. Jenga msingi kwa bei nafuu, kisha panda kwenye nafasi chache na nahodha.
3. Amini wastani wa msimu kuliko mechi tatu za mwisho.
4. Usilipe pointi 4 ila tofauti ya raundi hii peke yake izidi 4.
5. Panga kutoka raundi ya mwisho kuja nyuma. Kadi ya kufumua iende katikati.
6. Ukiongoza, fanana na mpinzani. Ukiwa nyuma, achana naye.

Msimu huu pilau tunakula Korogwe au Handeni, bado hatujui. Kwa hesabu zangu tuna asilimia 68, ikiwa kweli tumewazidi. Zile 32 zilizobaki, tumeshaanza kuchangishana nauli.